Pikapu ya dizeli ina faida kweli? Maswali ninayoulizwa kila wiki gerejini Nakuru

Mimi ni fundi wa magari. Gereji yangu iko Nakuru, na kazi nyingi inayoingia ni pikapu: za viazi kutoka Molo, za maziwa kutoka Njoro, za mbolea kwenda Rongai, za samaki na barafu zinazopanda kutoka Kisumu. Karibu kila wiki kuna mtu anayeketi kwenye benchi pale nje akiwa na pesa za kununua gari na swali hili hili. Nimeandika majibu hapa ili asiyeweza kufika Nakuru naye ayapate. Nikisema pikapu, nazungumzia zile za tani moja: Hilux, D-Max, Ranger, Navara, L200 na wenzao.

Fundi, kwa kifupi: ninunue dizeli au petroli?

Ukibeba mzigo mara kwa mara na njia yako ina milima, nunua dizeli yenye tabo, yaani kile kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini. Ukizunguka mjini bila mzigo, nunua petroli. Ukiwa katikati, piga kwanza hesabu ya kilomita zako za mwaka. Hesabu yenyewe iko hapo chini.

Kwa nini dizeli hupanda mlima na mzigo wakati petroli inahema?

Wengi hudhani ni kwa sababu injini ya dizeli ni kubwa. Sivyo. Chukua Hilux mbili za kizazi kimoja, moja ya petroli ya lita 2.7 na nyingine ya dizeli ya lita 2.4. Ya petroli hutoa kilowati 122, ya dizeli 110. Ukisoma hapo tu utanunua petroli. Lakini endelea hadi kwenye toki, yaani ile nguvu ya kuzungusha magurudumu. Petroli ina Nm 245 (Nm ndicho kipimo cha toki), na inazifikia injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika. Dizeli hiyo, ikiwa ya gia sita, ina Nm 400, na inazipata kati ya mizunguko 1,600 na 2,000. Maana yake ni kwamba ukiwa na magunia 20 ya viazi ya kilo 50 nyuma, mwenye petroli analazimika kurudi gia ya pili na kuipigisha injini kelele ndipo aambulie kinachohitajika. Mwenye dizeli yuko gia ya tatu au ya nne, injini imetulia, na bado anavuta.

Halafu kuna jambo ambalo brosha haziligusi, nami naona ndilo kubwa kuliko yote kwa watu wa huku kwetu. Ni kimo. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Nakuru ni kama mita 1,850. Ukipanda Mau Summit hadi Timboroa unapita mita 2,700. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo inategemea hewa inayoivuta yenyewe. Hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo ile petroli ya kilowati 122, ikifika Timboroa imebaki na robo tatu tu ya nguvu iliyoandikwa, na mzigo haujapungua hata kilo moja. Tabo hufanya kazi tofauti. Hewa ikipungua, inazunguka kasi zaidi na kuishindilia ndani ya silinda, kwa hiyo hasara inakuwa ndogo sana.

Ndiyo maana ushauri wa mtu wa Mombasa, hata awe mjuzi namna gani, haukutoshi wewe wa Molo au Burnt Forest. Yeye na wewe mnavuta hewa mbili tofauti. Zipo petroli mpya zenye tabo pia, na hizo hazihemi milimani, ila kwenye pikapu za tani moja zinazouzwa huku kwetu bado ni chache.

Na zile dizeli za zamani zisizo na tabo?

Kama Hilux za injini ya 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita). Hizo nazipenda, nasema bila kuficha. Hazina kompyuta ya kukusumbua, pampu yake ni ya kawaida, na fundi yeyote kutoka Webuye hadi Naivasha ataifungua akiwa na spana za mkononi. Ila mlimani zinachoka kama petroli, hata zaidi. Ule moshi mweusi unaouona nyuma yake ukipanda Mau Summit ni dizeli isiyopata hewa ya kuiunguza: pampu inaendelea kumwaga kiasi kile kile huku hewa imepungua. Ukiwa nayo na ni nzima, itunze. Ukiwa unatafuta ya kununua leo, jua kwamba unanunua uvumilivu na wala si mwendo.

Nifanye vipi hesabu ya pesa?

Chukua karatasi. Tuseme umepata pikapu mbili za mwaka mmoja na hali moja, na ya dizeli imezidi kwa shilingi 400,000. Tuseme ya petroli ikiwa na mzigo inakwenda kilomita 8 kwa lita, ya dizeli kilomita 11. Hizo ni namba za mfano, weka zako. Kwa bei, nitatumia zile za Nairobi za Oktoba 2024 kwa sababu zinaonyesha tofauti ya kawaida: petroli shilingi 180.66, dizeli 168.06.

Petroli inakula shilingi 22.58 kwa kilomita. Dizeli inakula 15.28. Unaokoa shilingi 7.30 kwa kila kilomita. Sasa toa gharama ya ziada ya kuitunza dizeli: oili nyingi zaidi, filta mbili badala ya moja, na akiba ya injekta, vile vipuli vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda, ambavyo siku moja vitadai. Mimi huweka shilingi 1.50 kwa kilomita. Inabaki 5.80. Gawanya 400,000 kwa 5.80 upate kilomita 69,000 hivi kabla zile pesa za ziada hazijarudi mfukoni.

Mfanyabiashara wa viazi anayekwenda Molo na Kisumu kila wiki anaweza kufikisha kilomita 40,000 kwa mwaka. Kwake pesa zinarudi kwa mwaka mmoja na miezi tisa. Mwalimu anayetumia pikapu kwenda shule, kanisani na shambani Jumamosi, kilomita 8,000 kwa mwaka, atasubiri miaka minane na zaidi. Kufikia hapo gari limezeeka na injekta zimeshadai haki yake mara moja au mbili.

Kuna kitu kimoja hesabu hii haikuhesabu, nacho ni bei ya kuuza. Huku kwetu pikapu ya dizeli yenye historia nzuri hupata mnunuzi haraka, na wakulima hawabishani sana. Ya petroli hukaa. Kwa hiyo sehemu ya zile 400,000 utaiona tena siku ya kuuza, mradi injini iwe nzima.

Na dizeli ikipanda bei kuliko petroli?

EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Kenya, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na sote tunasubiri. Kwa miaka mingi dizeli imekuwa chini ya petroli Kenya, na sababu moja ni ushuru wa bidhaa: mwaka 2024 petroli ilitozwa shilingi 21.95 kwa lita, dizeli 11.37. Hata Oktoba 2023, bei zilipofika juu kabisa, petroli Nairobi ilikuwa 217.36 na dizeli 205.47. Tofauti ilibaki karibu shilingi 12.

Lakini hata siku zikilingana, dizeli bado inakwenda mbali zaidi kwa lita. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa kama asilimia 10 na kitu, na injini yenyewe hubana hewa zaidi na kupoteza kidogo. Rudia hesabu kwa shilingi 175 kila upande uone: bado unaokoa kama shilingi sita kwa kilomita kabla ya matunzo.

Ndugu yangu yuko Marekani, ananiambia dizeli kwenye pikapu ya ukubwa wa kati ni kutupa pesa. Anakosea?

Hakosei, anazungumzia kwake. Huko dizeli mara nyingi ni ghali kuliko petroli kituoni, na injini ya dizeli huuzwa kama nyongeza ya maelfu ya dola. Mfano anaoufikiria huenda ni Chevrolet Colorado, iliyokuwa na dizeli ya Duramax ya lita 2.8 kuanzia modeli ya 2016 hadi 2022. Ilikuwa injini nzuri, toki yake ilifika Nm 500. Ila Mmarekani alipoweka bei ya ile nyongeza kwenye mizani na tofauti ya mafuta, wengi waliona heri V6 (silinda sita) ya petroli, isipokuwa waliokuwa wakivuta trela. Kizazi kipya cha Colorado, cha modeli ya 2023, kikaja na petroli ya tabo pekee.

Kwetu mambo yamegeuka: dizeli ni ya bei nafuu, mafundi wanaijua, na spea za D-Max na Hilux zinapatikana hadi Kakamega. Mwambie ndugu yako asante, kisha fanya hesabu ya shilingi.

DPF ni nini, na kwa nini kila mtu anaiogopa?

Ni kichujio cha masizi kilicho kwenye ekzosi. Kazi yake ni kukamata ule unga mweusi usiingie kwenye mapafu ya watu, kisha kuuchoma chenyewe kinapojaa. Ili kuuchoma lazima ekzosi ifikie joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi, na joto hilo halipatikani ukizunguka mjini Kisumu, kutoka Kondele hadi Kibuye ukirudi Milimani. Linapatikana ukiendesha mfululizo kwa mwendo wa barabara kuu kwa dakika 20 au zaidi. Gari la mjini huanza kujichoma, linazimwa, linaanza tena kesho, linazimwa. Mwishowe taa inawaka, nguvu inakatwa, na mwenye gari anakuja kwangu amekasirika.

Magari mengi yenye shida hii ninayoyaona yametoka Uingereza. Yalitengenezwa kwa mafuta ya Ulaya, ambayo tangu 2009 salfa yake haizidi sehemu 10 kwa milioni. Sisi tulishuka hadi 50 kwa milioni mwaka 2015, kutoka 500. Ilikuwa hatua kubwa sana na ninaifurahia, ila si sawa na kule gari lilikozaliwa. Baadhi yake pia yana tanki la AdBlue, ambayo ni maji safi yenye urea asilimia 32.5, ya kusafisha moshi. AdBlue ikiisha kabisa gari hukataa kuwaka. Kabla ya kununua, hakikisha unajua utainunua wapi karibu na kwako, na kwa bei gani.

Wala usidhani ni shida yetu peke yetu. Australia, mwaka 2022, mahakama iliamua kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zaidi ya 260,000 ziliuzwa na mfumo wa kichujio wenye kasoro.

Kuna fundi amesema atanitolea DPF aweke bomba tupu. Nikubali?

Mimi sifanyi kazi hiyo, na nitakueleza kwa nini. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mimi nimeuvuta moshi huo miaka mingi, na vijana ninaowafunza wanauvuta. Watoto wanaosubiri matatu kando ya barabara wanauvuta pia. Kichujio kilichoziba kinaweza kusafishwa, mara nyingi kwa gharama unayoweza kuimudu kama umewahi mapema. Ikiwa maisha yako ya kila siku hayaruhusu kichujio kujichoma, basi gari lile halikufai. Nunua petroli.

Mafuta machafu yanaua dizeli. Nifanye nini?

Injekta za dizeli za kisasa hupuliza mafuta kwa shinikizo la baa 1,500 kwenda juu, na mpya hupita 2,000. Tairi lako lina baa mbili na nusu hivi. Kwenye shinikizo kama hilo, chembe ya uchafu usiyoweza kuiona kwa jicho inakata chuma. Tone la maji nalo hufanya kutu mahali ambapo kutu hairuhusiwi kabisa.

Jaza kwenye kituo kinachouza sana, ambako mafuta hayakai. Usijaze lori la mafuta likiwa linashusha, maana takataka za chini ya tanki zimetibuka. Usinunue dizeli ya mtungi kando ya barabara hata ikiwa nafuu kwa shilingi 20. Zamani tatizo kubwa lilikuwa kuchanganywa na mafuta ya taa; tangu 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo ipungue, na kweli naona kesi chache kuliko zamani. Maji bado ni adui wa kila msimu wa mvua.

Chini ya filta ya dizeli kuna kikombe cha kutenganisha maji, na kina kifungulio. Mwagisha kila mwezi, na mvua ikiwa nyingi kila wiki mbili. Ni kazi ya dakika tano. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, simama upesi uyamwage. Usijiambie utafika kwanza Kericho. Filta yenyewe badilisha kila kilomita 10,000, nunua ya kampuni au ya jina linalojulikana. Filta ya bei ya chini niliyowahi kuipasua ilikuwa na karatasi ambayo ungeweza kuona mwanga upande wa pili.

Oili nibadilishe baada ya kilomita ngapi?

Kitabu mara nyingi husema 10,000. Ukibeba mzigo milimani, mimi nasema 5,000. Na ukiwa na Ranger ya 2.2 au 3.2, mwambie fundi asiache oili ikichuruzika wakati anakunywa chai: oili ikiisha kabisa kwenye pampu ya oili, pampu hukataa kuvuta tena na injini huzunguka kavu. Dakika 10 zisipite kabla ya kutia mpya.

Dizeli inapita kwenye maji bila shida, si kweli?

Swali hili hutoka Ahero na Nyando kila mvua za masika zikija, na jibu lake limewahi kuwagharimu watu injini nzima. Ni kweli dizeli haina plagi za kutoa cheche, kwa hiyo maji yakirukia juu ya injini haizimiki kama petroli ya zamani. Watu wameona hivyo wakahitimisha kwamba dizeli ni mamba. Lakini injini inavuta hewa, na mdomo wa kuvutia hewa kwenye pikapu nyingi uko ndani ya fenda. Maji yakifika hapo yanaingia silinda. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni inapanda, inakuta maji, na fimbo inapinda. Kwa kuwa dizeli hubana zaidi na nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo, maji kidogo tu yanatosha kuivunja.

Hilux ya kizazi kilichoanza 2015 imeandikwa mita 0.7 za maji, Ranger mita 0.8, na hiyo ni kwa maji yaliyotulia, ukienda pole pole. Maji ya Nyando hayatulii. Nimeona pikapu ikibebwa pembeni na maji yaliyofika magotini tu. Kama huoni ardhi, subiri. Ikizimika ndani ya maji, usiwashe tena hata mara moja, ivutwe.

Kwenye tope la udongo mweusi wa tambarare ya Kano ni hadithi nyingine. Hapo dizeli inasaidia, kwa sababu unaweza kutembea gia ya chini bila kupiga mizunguko mingi inayochimba mashimo. Ila pua ya gari la dizeli ni nzito, na tairi za mbele huzama kwanza. Tairi nzuri ni muhimu kuliko injini hapo.

Ukiteremka Sachangwan kwenda Salgaa, dizeli hushika vizuri zaidi?

Watu huamini hivyo, na kwa malori yenye breki ya ekzosi ni kweli. Kwa pikapu usitegemee. Petroli ukiachilia mafuta hufunga mlango wa hewa na injini inavutana na ombwe. Dizeli nyingi hazifungi mlango huo namna ile. Kinachokushika ni gia. Teremka na gia ile ambayo ungepandia mlima huo huo.

Na tafadhali, acheni kuteremka na fri. Nimechoka kusikia kwamba inaokoa mafuta. Injini ya kisasa ikiwa kwenye gia na mguu haugusi mafuta, injekta hukata kabisa. Ukiweka fri, injini inahitaji mafuta ili isizimike. Kwa hiyo unatumia mafuta zaidi, huku breki zikiachwa peke yake na tani mbili na nusu za gari na viazi. Barabara ile imeua watu wengi mno.

Injini ya lita 2.4 inatosha au nitafute 2.8 au 3.0?

Kwa tani moja, inatosha. Kwa trela la ng'ombe, tafuta kubwa.

Asubuhi za Molo ni baridi. Dizeli itawaka?

Itawaka kama hita, zile plagi za kupasha silinda joto, ni nzima. Washa ufunguo nusu, subiri taa ya hita izimike, ndipo upige stata. Ikihitaji kupigwa mara tatu nne na inatoa moshi mweupe, mara nyingi hita moja au mbili zimekufa. Ni spea ya bei nafuu. Usisubiri hadi betri na stata nazo zife. Na baada ya kupanda mlima mrefu na mzigo, acha injini izunguke taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili ipate kuipoza tabo.

Nauza samaki Kisumu, natoka Dunga hadi sokoni na hotelini. Ninunue dizeli?

Hapana, mama. Safari zako ni fupi, ardhi ni tambarare, na kimo cha Kisumu hakiumizi petroli sana. Dizeli yako itazibwa na masizi kabla haijakulipa. Chukua petroli ya lita 2.0 au 2.7 iliyo nzima, na zile pesa ulizookoa weka kwenye sanduku zuri la barafu. Ukianza kupeleka samaki Eldoret au Nairobi mara mbili kwa wiki, njoo tuongee upya.

Nimepata dizeli iliyotumika. Nikague nini?

Hapa nitaanza na yaliyonipata mwenyewe. Mwaka 2014 nilinunua pikapu ya dizeli kutoka yadi moja. Nilipofika injini ilikuwa moto. Aliyeniuzia alisema alitoka kujaza mafuta. Nami fundi, mtu wa kuwaonya wengine, nikaridhika kwa sababu rangi ilikuwa safi na bei ilikuwa nzuri. Miezi mitatu baadaye, mlima wa Mau Summit, mzigo nyuma, ikaanza kugonga kama nyundo. Injekta mbili zilikuwa zinamwaga badala ya kupuliza, na pistoni moja ilikuwa imeshatobolewa. Nililia, sioni haya kusema, kwa sababu pesa zile zilikuwa za karo pia.

Kwa hiyo sharti la kwanza: injini iwe baridi. Gusa boneti kabla hujasalimia. Ikiwa na joto, sema utarudi kesho alfajiri. Ikiwashwa baridi, sikiliza. Kugongagonga kwa sekunde chache ni kawaida. Kusikokwisha ni injekta. Tazama moshi: mweusi unapokanyaga ghafla kidogo si kitu, mweupe unaoendelea ni mafuta yasiyoungua, wa buluu ni oili. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma taratibu. Upepo kidogo ni sawa. Ikipuliza kama pampu ya jiko, ringi zimechoka.

Lipa fundi mwenye mashine ya kupima akinge kwenye vichupa mafuta yanayorudishwa na kila injekta na kulinganisha. Moja ikirudisha nyingi kuliko wenzake, toa bei ya seti nzima kwenye mazungumzo. Panda nayo mlima, si kuizungusha kwenye yadi. Kutoka Nakuru mjini panda kuelekea Menengai. Tabo mbovu haifichiki huko. Angalia pia jina la mwenye gari kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kulipa hata shilingi moja ya amana.

Rekodi za huduma zikiwepo na zinalingana na kilomita, pikapu hiyo naichukua mbele ya nyingine iliyo mpya zaidi isiyo na karatasi.

Mhudumu ametia petroli kwenye dizeli yangu. Nifanye nini?

Usiwashe. Usizungushe hata ufunguo, kwa sababu kwenye magari mengi pampu ya tanki huanza kusukuma mafuta mara tu umeme unapowaka. Isukumeni kando, tanki litolewe mafuta yote, laini zioshwe, filta ibadilishwe. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya shinikizo, na petroli huosha ulaini huo. Chuma kikikwangua chuma, unga wake unakwenda hadi kwenye injekta. Ukiwa hujawasha ni kazi ya nusu siku. Ukiwa umeendesha hadi Salgaa, ni pampu, injekta zote na kusafisha tanki, na bili yake inaweza kufika bei ya pikipiki mpya. Kabla hujaondoka kituoni chukua risiti yenye saa na aina ya mafuta, na upige picha ya mashine ya mafuta iliyotumika.